Saa 22 bila umeme: uchambuzi wa kisa cha mbwa wawili waliolishwa nyama mbichi ya friza

Mji, umri wa watu na mambo mengine yanayoweza kuitambulisha familia yamebadilishwa au kuondolewa. Uzito, vipimo na mfuatano wa siku vimebaki kama vilivyo.

Usuli

Nyumba iko katika mji mdogo kaskazini mwa Kampala. Baba ni mwanajeshi mstaafu, na Kiswahili alichokizoea kambini ndicho kinachozungumzwa nyumbani. Mbele ya nyumba mama ana duka la soda, maji na barafu. Ndani wamo watu sita, mdogo wao mjukuu wa miaka mitatu. Kisa kilipoanza walikuwa wanamsubiri bibi, ambaye angekuja kukaa nao kwa miezi kadhaa akitibiwa saratani.

Mbwa ni wawili, wote German shepherd: jike wa miaka mitano mwenye kilo 32, na dume wa miezi mitano mwenye kilo 17 (humu tutamwita dume dogo). Dume dogo alikuwa amemaliza chanjo zake tatu za utotoni, ya mwisho akiwa na wiki 16.

Chakula chao cha siku zote kilikuwa posho (ugali) na mukene (dagaa), pamoja na makombo ya mezani. Jike alikuwa na manyoya makavu na kinyesi kingi laini, jambo la kawaida kwa mbwa anayeshibishwa unga wa mahindi. Kijana mkubwa wa nyumba, ambaye ndiye anayewalisha, akaagiza chakula kibichi kilichogandishwa kutoka kwa mtengenezaji mdogo wa humu nchini: nyama ya kusaga, mifupa ya kuku iliyosagwa, utumbo na maini, kikiwa kimefungwa matofali ya nusu kilo. Lebo ilisema 80:10:10, yaani nyama asilimia 80, mfupa 10, viungo vya ndani 10. Hilo tu. Hakukuwa na tarehe ya kusagwa, wala neno lolote kuhusu mbwa wa umri gani anafaa kukila.

Kiasi kilipangwa vizuri. Jike alipewa asilimia 2.5 ya uzito wake, gramu 800 kwa siku. Dume dogo asilimia 5, gramu 850. Jumla ni kilo 1.65 kwa siku, karibu kilo 50 kwa mwezi. Mzigo huo ulihitaji friza, na friza iliyokuwepo ni ya duka: lita 200, soda na chupa za maji juu, matofali ya nyama chini na pembeni.

Wiki tatu za mwanzo

Chakula kilibadilishwa taratibu kwa siku tisa, robo kwa robo, na kila kitu kikaenda sawa. Kinyesi kilipungua na kukaza. Jike alianza kung'aa. Majirani walionya kwamba nyama mbichi itawafanya mbwa wakali; tabia yao haikubadilika hata kidogo.

Lakini namna ya kuyeyusha ilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza. Tofali lilitolewa friza saa mbili usiku, likawekwa kwenye sinia juu ya meza ya jikoni, likalishwa saa moja asubuhi. Katika jikoni lenye nyuzi 24 au 25, nje ya tofali huyeyuka na kupata joto la chumba saa nyingi kabla ya katikati kulainika. Wiki tatu zilipita bila tatizo, na watu wakaamini kwamba njia yao ni salama.

Ijumaa hadi Jumatano

Ijumaa saa moja jioni umeme ulikatika. Ulirudi Jumamosi saa kumi na moja jioni, baada ya saa 22. Kijana alikuwa safarini. Ndani ya friza mlikuwa na matofali 52, kilo 26, na chini ya theluthi ya nafasi yote ndiyo iliyokuwa imejaa.

Friza iliyojaa pomoni na isiyofunguliwa hushikilia ubaridi kwa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Hii haikufika hata nusu, na haikuachwa imefungwa, kwa sababu Jumamosi ni siku ya soko na wateja walitaka soda baridi. Mama alikadiria kuwa mfuniko ulifunguliwa mara 30 au zaidi. Hakuwa na sababu ya kuhofia: kwake ile ilikuwa friza ya soda.

Kijana aliporudi Jumapili alikuta matofali magumu kama mawe. Aliendelea kulisha.

Jumatano jioni dume dogo alikataa chakula na kutapika mara tatu. Alhamisi alfajiri kijana alimwandikia daktari wa mifugo: "Habari ya asubuhi daktari. Huyu mdogo anaharisha maji, sasa naona na damu. Mama yake [yule jike] anaharisha kidogo lakini anacheza." Asubuhi hiyohiyo mjukuu naye alianza kuharisha na kupata homa. Familia ilidhani ni malaria na kumpeleka hospitali. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu.

Alhamisi: uchunguzi

Dume dogo alikuwa na joto la nyuzi 39.9 (kawaida ya mbwa ni 38.3 hadi 39.2) na kilo 15.9, maana yake amepoteza zaidi ya kilo moja. Fizi zilinata, na ngozi ya shingo ikivutwa ilichelewa kurudi. Upungufu wa maji ulikadiriwa kuwa asilimia 7.

Damu kwenye kinyesi cha mbwa wa miezi mitano humfanya daktari yeyote Uganda afikirie kwanza parvo, virusi vinavyoharisha mbwa wadogo damu, na ndivyo ilivyokuwa. Kipimo cha haraka cha parvo hakikuonyesha kitu. Chanjo zilikuwa kamili. Damu iliyotazamwa kwa hadubini haikuonyesha babesia, vimelea vya damu vinavyoletwa na kupe. Kinyesi kilikuwa na mayai machache ya safura, si kiasi cha kueleza hali ile. Hapo ndipo daktari alipouliza swali lililofungua kisa: "Umeme wenu ulikatika lini mara ya mwisho, na kwa muda gani?"

Matofali yaliletwa mezani, na yenyewe yakatoa ushahidi. Tofali lililogandishwa mara moja huwa na kingo kali na pande zilizonyooka kama sabuni ya kipande. Haya yalikuwa yamebonyea, moja likibeba alama ya kitako cha chupa ya soda. Kwenye kona ya chini ya kila kaveera (mfuko wa plastiki) palikuwa na barafu nyekundu iliyokolea, unene wa kidole: damu na maji yaliyotoka nyama ilipolegea, yakatuama chini, yakaganda tena huko. Mawili yalikuwa yameshikana kwa barafu hiyo. Sentimita tano za chini ya friza zilikuwa na madoa yaleyale.

Sampuli tatu zilipelekwa maabara kuotesha bakteria: kinyesi cha kila mbwa na tofali moja ambalo halijafunguliwa. Majibu yalitoka baada ya siku nne. Zote tatu zilikuwa na salmonela.

Maamuzi na sababu zake

*Dripu kabla ya kila kitu.* Upungufu wa asilimia 7 kwa kilo 15.9 ni lita 1.1, mahitaji ya siku, kwa mililita 60 kwa kilo, ni karibu lita 0.95. Dume dogo alipewa takriban lita 2 za Ringa laktati kwa saa 24, pamoja na dawa ya kuzuia kutapika. Dawa za kufunga tumbo za binadamu, ambazo kijana alikuwa ameshazinunua, zilikataliwa: utumbo wenye bakteria ukifungwa, bakteria hubaki ndani.

*Antibayotiki kwa mmoja tu.* Dume dogo alikuwa na homa, damu na utumbo ulioharibika, mlango wazi wa bakteria kuingia kwenye damu, hivyo alianzishiwa sindano bila kungoja maabara. Jike hakupewa. Kwa mbwa anayeharisha huku ana nguvu na anakula, antibayotiki haifupishi ugonjwa wa salmonela. Inaweza kurefusha muda wa kutoa bakteria kwenye kinyesi na kuzalisha bakteria sugu. Mzee, baba wa nyumba, hakupenda uamuzi huo, na si yeye peke yake: anayelipa daktari hutarajia kuona sindano.

*Nyama yote kuzikwa.* Mzee alitaka matofali yaliyobaki yachemshwe, maana ni pesa. Kuchemsha vizuri kunaua salmonela. Lakini nyama iliyokaa na joto kwa saa nyingi inaweza kuwa na sumu zilizotengenezwa na bakteria wengine, kama stafilokokasi, na sumu hizo hazivunjwi na moto wa jikoni. Jirani akaomba apewe kwa ajili ya nguruwe wake. Hapo pia jibu lilikuwa hapana: lebo haikutaja nyama za wanyama gani, na mabaki mabichi ya nguruwe ni njia inayojulikana ya kueneza homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa usiokauka Uganda. Matofali 34 yalizikwa kwenye shimo la mita moja, mbali na kisima, ili mbwa wasifukue.

*Usafi.* Kila kitu kilioshwa kwanza kwa sabuni na maji, kisha kwa Jik, dawa ya klorini. Dawa hiyo ina nguvu ya asilimia 3.5, mililita 30 kwenye lita moja ya maji hutoa takriban asilimia 0.1, inayotosha kwa friza, meza, sakafu na mabakuli, ikiachwa dakika kumi kabla ya kusuuza. Sabuni haipaswi kurukwa, kwani klorini ikikutana na mafuta na damu huisha nguvu kabla ya kufika kwa bakteria. Bodi ya mbao iliyokuwa ikikatiwa matofali ilichomwa, kwa sababu mbao yenye nyufa haisafishiki.

*Hospitali kuambiwa.* Mama alishauriwa kurudi na mjukuu na kusema wazi kwamba mbwa wa nyumba hiyo wana salmonela. Maneno hayo humsaidia daktari wa binadamu kujua atafute nini.

Matokeo

Dume dogo aliacha kutapika siku ya pili na kuanza kula wali na kuku asiye na mfupa, vijiko vichache kila baada ya saa nne. Siku ya sita kinyesi kilikaza. Baada ya wiki tatu alikuwa na kilo 17.4. Jike alipona bila dawa kwa siku tatu.

Mjukuu alipona ndani ya wiki. Hakuna kipimo kilichounganisha ugonjwa wake na mbwa, na haitakuwa haki kusema kwamba umethibitishwa.

Jambo lililobadilisha mipango lilikuja wiki ya tatu. Kinyesi cha dume dogo kilipimwa tena kikawa safi. Cha jike, yule ambaye hakuugua sawasawa, ambaye alikuwa anang'aa na kurukaruka, bado kilikuwa na salmonela. Kilikuja kuwa safi wiki ya sita. Safari ya bibi ilisogezwa mbele hadi majibu hayo yalipotoka.

Uchambuzi

*Ugumu wa barafu hausemi kitu kuhusu jana.* Familia hii haikulisha nyama iliyonuka. Ililisha nyama ngumu, baridi, isiyo na harufu. Kuganda kunamsimamisha bakteria, hakumuui. Akipata joto anaendelea alipoachia. Salmonela huanza kuongezeka taratibu kwenye nyuzi saba hivi, na karibu na joto la mwili idadi yake huweza kuwa maradufu kwa nusu saa au chini ya hapo. Umeme ukirudi, idadi yoyote iliyofikiwa inagandishwa ilivyo na kuwekwa akiba.

Chanzo cha dhana kwamba friza inasafisha nyama kina ukweli nusu. Vifuko vingi vya minyoo vilivyomo ndani ya nyama hufa vikikaa kwenye nyuzi -20 kwa wiki moja au zaidi, na hiyo ni faida halisi katika nchi ambako, Karamoja hasa, minyoo ya mbwa inayopitia maini na mapafu ya kondoo na mbuzi huwapa watu uvimbe wa ini. Lakini faida hiyo watu wanaihamishia kwa bakteria, na huko haipo. Wapo watengenezaji wanaoua bakteria bila kupika, kwa kuikandamiza nyama iliyofungwa kwa mgandamizo mkubwa sana. Bidhaa hii haikupitia njia hiyo. Ilikuwa nyama ya kusaga tu, na kusaga huchukua bakteria wa juu ya nyama na kuwasambaza hadi katikati.

Inafaa pia kusahihisha kanuni inayorudiwa kila mahali, kwamba nyama ikishayeyuka isigandishwe tena kamwe. Kinachohesabika ni joto na saa. Tofali ambalo bado lina chembe za barafu ndani, au lenye nyuzi 4 au chini yake, linaweza kurudishwa friza. Litapoteza maji na ladha, basi. Lililopita nyuzi 4 kwa zaidi ya saa mbili litupwe. Tatizo la familia ni kwamba hakuna aliyekuwa na namna ya kujua yao yalifika wapi.

*Shilingi kwenye barafu.* Namna hiyo ipo, na bei yake ni sarafu moja. Jaza kikombe maji, kigandishe, weka sarafu ya shilingi 500 juu ya barafu, kirudishe friza, upande wa juu ambako joto hufika mapema. Ukirudi safari na kuikuta juu, barafu haikuyeyuka. Ukiikuta katikati au chini, imeganda ndani, hata kama kila kitu ni kigumu sasa, unajua la kufanya. Kipimajoto chenye waya wa kutoka nje ni bora zaidi, kwa kuwa hakihitaji kufungua mfuniko.

Nafasi tupu ya friza nayo ina dawa rahisi: madumu ya lita tano yenye maji, yasijae hadi mdomoni, yagandishwe na kuachwa humo. Friza yenye kilo 26 za nyama na kilo 80 za barafu inavumilia usiku mzima na zaidi. Lakini hilo halifanyi kazi kwenye friza inayofunguliwa na wateja. Nyama ya mbwa na soda za kuuza havikai pamoja, kwa sababu ya usafi na kwa sababu ya mfuniko.

*Usafiri.* Hili halikuchunguzwa vya kutosha, na ni udhaifu wa uchunguzi wenyewe. Mzigo ulifika kwa boda, ndani ya gunia, kutoka stendi. Huenda nyama ilianza kulegea kabla hata ya kufika friza. Mnunuzi anaweza kubana kipimajoto katikati ya pakiti mbili zilizogusana kwa dakika chache: karibu na -18 ni vizuri, -12 ni ya kukubalika, na zikiwa laini kwenye kingo arudishe papo hapo. Kasha la stairofomu na barafu lilipaswa kuwa sharti la kulipa.

*Kuyeyusha.* Tofali la nusu kilo linahitaji saa 24 kwenye friji ya nyuzi 4, ndani ya chombo chenye mfuniko, rafu ya chini kabisa, ili damu isidondokee nyanya. Likiyeyuka lilishwe ndani ya saa 24 hadi 48, maana listeria, bakteria mwingine wa chakula, hukua hata kwenye friji. Bakuli liondolewe baada ya dakika 20, mbwa amemaliza au hakumaliza. Hapa mabakuli yalikuwa yakioshwa kwenye karai lilelile la vyombo vya watu, pale bombani ambapo mjukuu hucheza. Ukitafuta njia kati ya tofali na mtoto, usianze na ulimi wa mbwa. Anza na karai.

*Mbwa mzima.* Mzee aliuliza swali ambalo wengi huuliza: "Daktari, mbwa wa mtaani wanakula mizoga kila siku, nani amewahi kuwatundikia dripu?" Ni kweli kwamba tumbo la mbwa lina asidi kali na wengi hawaugui. Lakini hilo ndilo linaloleta shida. Jike alikula nyama ileile, akaharisha siku tatu, kisha akazunguka uwanjani wiki sita akiacha salmonela kila asubuhi. Kwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee, mtu mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake iko chini, au mgonjwa wa saratani anayetumia dawa, bakteria hao si jambo la siku tatu. Katika nyumba inayomsubiri mgonjwa wa aina hiyo, nyama mbichi haikupaswa kuanza kabisa, hata umeme usingekatika. Swali la kwanza la anayeuza chakula hiki lilipaswa kuwa: nani anaishi nyumbani?

*Lebo.* Hili lingejitokeza baadaye hata bila kuharisha. 80:10:10 ni uwiano wa nyama tu. Hautoi uhakika wa lishe kamili. Mchanganyiko wa namna hii mara nyingi hupungukiwa zinki, manganizi, iodini na vitamini D na E. Mbwa aliyekomaa anaweza kwenda miezi bila dalili. Dume dogo wa kabila kubwa hana muda huo, na kwake hatari iko pande zote mbili. Kijana, kwa nia njema, alikuwa ameanza kumwongezea unga wa chokaa wa mifugo, kijiko kizima kwa siku, juu ya mfupa uliokuwemo. Mbwa mdogo wa kabila kubwa hana uwezo mzuri wa kukataa kalisi iliyozidi. Sehemu kubwa inaingia mwilini na kuharibu ukuaji wa mifupa. Kijiko hicho kilisimamishwa siku hiyohiyo. Alihamishiwa chakula kikavu kilichoandikwa kuwa kamili kwa watoto wa mbwa wakubwa, hadi atakapofikisha miezi 15 hivi.

*Yaliyokwenda vizuri.* Kijana alikuwa na daftari la tarehe, gramu na hali ya kinyesi. Bila hilo saa 22 zisingeunganishwa na Jumatano. Hakutupa matofali kabla ya kumwandikia daktari. Na hakusita kusema kwamba mtoto pia anaharisha, ingawa aliona aibu.

Hali ilivyo sasa

Jike anakula nyama isiyo na mfupa iliyopikwa pamoja na maini kidogo, wali na mboga, ikiongezwa nusu kijiko cha chai cha ganda la yai lililosagwa kwa kila gramu 450 za nyama, na mchanganyiko wa vitamini na madini uliopangwa na daktari. Inapikwa Jumapili moja kwa wiki mbili na kugandishwa kwenye friza ndogo ya lita 100 iliyonunuliwa kwa mkono wa pili, madumu manne ya barafu chini. Soda zimebaki kwenye friza yake.

Mwezi wa pili umeme ulikatika tena, saa 16. Kijana hakuwepo. Aliporudi alifungua kikombe kwanza: sarafu ilikuwa juu, kavu, imeshikwa na theluji nyembamba. Kipimajoto kilisoma -9.